Nyuma ya Picha ya Marehemu wa Singe

Siku ile, sebuleni Singe, tulikuwa wanne: mama mjane mwenye nyumba, binti yake aliyekuja kumsaidia kuvuna mbaazi, mdogo wangu wa mwisho na kamera yake, na mimi niliyebeba ngazi. Ukutani walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mume wa yule mama, amevaa koti na tai, ndani ya fremu pana ya rangi ya dhahabu iliyotundikwa karibu kabisa na dari. Wa pili alikuwa mama yetu. Alikuwa ndani ya fremu hiyo hiyo, nyuma ya picha ya yule baba, na alikuwa amekaa humo miaka kumi na minane.

Kati yetu sisi wanne, mimi peke yangu nilijua kuhusu huyo wa pili. Nilimweka mimi.

Mimi ni fundi wa fremu za picha. Kibanda changu kiko nyuma ya stendi ya Babati, kimebanana na fundi viatu upande mmoja na muuza ndoo upande mwingine. Niliingia kwenye kazi hii nikiwa na miaka kumi na sita, mwaka ambao mama alifariki. Baba alikuwa ametangulia wakati mdogo wangu wa mwisho yuko bado tumboni. Baada ya mazishi ya mama, ndugu walikaa kikao nyumbani kwetu na kutugawa: mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka kumi, aende Dareda kwa baba mdogo, yule wa mwisho, mwenye miaka minne, aende Magugu kwa shangazi, mimi nimalizie kidato cha pili nikiwa nimekaa kwa mjomba. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha nikasema hatugawanyiki. Shangazi akaniuliza, "Utawalisha nini, wewe mtoto?" Wiki iliyofuata nilivua sare, nikaenda kuomba kazi kwa yule mzee aliyetutengenezea fremu ya picha ya mama.

Kwetu huku mtu hazikwi bila picha. Picha yake inakuzwa, inawekwa kwenye fremu, na inatangulia mbele ya jeneza mpaka kaburini, imeshikwa kifuani na mtoto au mjukuu. Ikirudi nyumbani inatundikwa sebuleni, juu, inainama kidogo mbele kana kwamba aliyemo anasikiliza wageni. Ya mama niliibeba mimi. Ilikuwa picha yake pekee. Waliikuza kutoka kwenye picha ya ubatizo wa mdogo wangu wa mwisho, mama akiwa amempakata. Mpiga picha alimwondoa mtoto, akabakiza uso wa mama na mabega. Ile ndogo ya ubatizo alibaki nayo, akasema tutaifuata, na tulipoifuata tukakuta amehamia Kondoa. Kadi ya mama ya kupigia kura ilikuwa imepotelea hospitalini pamoja na pochi yake. Kwa hiyo uso wa mama ulibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye ukuta wetu.

Yule mzee hakutaka malipo ya ile fremu. Alitumia ukanda mpana wa mbao ya fremu, wa rangi ya dhahabu, aliokuwa ameutunza muda mrefu, akasema mama wa yatima asitundikwe kwenye mbao za mabaki. Waya wa kutundikia ulikuwa umemwishia. Nilichana ukanda kwenye kitenge cha mama, cha kijani chenye maua ya njano, nikaufunga nyuma mwenyewe. Kitenge kilichobaki kikawa shuka la mdogo wangu wa kiume.

Nikiwa kwenye kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa, mzee alisafiri kwenda Arusha kufuata vioo na mikanda, akaniachia kibanda. Alikuwa hajaamua kama mimi ni fundi au ni msichana wa kufagia maranda. Siku ya pili walikuja watu watatu kutoka Singe, wamejifunga mashuka, na picha iliyokuzwa ndani ya bahasha. Mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Nilitafuta huku na huku. Hatukuwa na ukanda wa kutosha saizi ile, wala kioo. Ningeweza kuwaambia hivyo. Kulikuwa na fundi mwingine upande wa soko na wao walimjua.

Niliwaambia, "Saa kumi na moja mje mchukue."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Kwa miaka mingi nilijiambia ni kwa sababu ya wadogo zangu, kwamba kazi ikiponyoka tutagawanywa. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nilitaka yule mzee arudi akute nimefanya kazi kubwa bila yeye. Nilitaka kuitwa fundi.

Nilikwenda nyumbani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa shule. Yule mdogo alikuwa kwa jirani. Nilipanda juu ya kiti, nikamshusha mama, nikamfunga kwenye kanga na kurudi naye kibandani. Huko nilifanya nilivyofundishwa. Mzee alinifundisha kwamba fremu ikija na picha ya zamani, ile ya zamani haitolewi. Inabaki nyuma, inakuwa mto wa kuibana mpya kwenye kioo, na inazuia unyevu wa ukuta. Fremu nyingi za mji huu zina watu wawili au watatu ndani: kipaimara juu ya harusi, harusi juu ya kalenda. Ndiyo kazi yenyewe. Niling'oa misumari, nikaweka yule baba mbele ya mama, nikatazama kama amekaa sawa, nikafunga. Niliona nywele za mama kwa juu kidogo, mstari mwembamba, nikasukuma karatasi mpaka ukapotea.

Ningeweza kumtoa. Alikuwa amegundishwa pembe nne kwenye boksi la nyuma na niliogopa kumchana, na boksi lingine sikuwa nalo, na saa zilikuwa zinakwenda. Nilijiambia matanga yakiisha nitapeleka fremu nyingine nibadilishe.

Mzee aliporudi alisikia sifa za fremu ya Singe kabla hajashuka mizigo. Jioni ile ile alinipa kisu cha kukatia kioo kiwe changu.

Matanga yalipoisha nilikwenda Singe. Yule mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, chini ya picha, na maua ya plastiki yamechomekwa pembeni mwa fremu. Aliponiona aliinuka, akanishika mikono yote miwili, akawaambia waliokuwepo, "Huyu mtoto ndiye aliyemfanya baba yenu aondoke kama mtu." Nilirudi nyumbani na kuku niliyepewa.

Wadogo zangu niliwaambia bati lilivuja, maji yakaingia kwenye kioo, picha ikaharibika. Yule wa kiume aliuliza, "Umeitupa?" Nikasema sikuitupa, nimeizika kaburini kwa mama. Uongo ule ulinitoka wenyewe, na ulimtuliza. Akaacha kuuliza.

Kwenye ukuta wetu kulibaki msumari, na chini yake mraba ambapo rangi ya chokaa ilikuwa mpya kuliko kwingine. Mdogo wangu wa mwisho alikua akiutazama ule mraba. Akiwa darasa la pili aliwahi kukaa mbele yake amekunja miguu, nikamuuliza anafanya nini, akasema, "Namwangalia mama." Nilinunua chokaa nikapaka ukuta mzima. Alilia siku nzima, mimi nikamwambia asiwe mjinga.

Mtoto huyo huyo ndiye akawa mpiga picha. Nilimsomesha kwa fremu, mpaka chuo. Sasa anaishi Arusha, anapiga harusi ili ale, na muda mwingine anapiga picha ambazo mimi sikuzielewa mwanzoni. Mwaka jana, baada ya masika, alishuka stendi na begi mgongoni, akaja moja kwa moja kibandani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Nionyeshe nyumba zenye fremu zako. Zile za zamani."

"Za nini?"

"Nataka migongo yake."

"Migongo ya fremu?"

"Ndiyo."

Fundi viatu aliacha kushona. "Binti, umekaa chuo miaka mitatu kusomea migongo?"

"Mimi nimesomea kuona, mzee. Wewe unatengeneza soli, na nani anazitazama?"

"Anayepigwa nazo," akasema fundi viatu, na tukacheka wote.

Alinieleza tukiwa tunakunywa chai. Alisema mtu akiingia sebuleni anatazama sura, basi. Lakini kinachomwambia kwamba huyu alikuwa mtu mkubwa ni ile dhahabu ya pembeni, kioo, na ule urefu aliotundikwa. Akaniuliza: ukigeuza uso ukaelekea ukutani, na kila kitu kingine ukakiacha palepale, kinabaki nini cha kuthamini? Alitaka kuzipiga zikiwa zimegeuzwa, zikiwa mahali pake, na kukuza kila moja iwe na ukubwa wake halisi. Na kila mwenye picha angemuuliza swali moja: ungeibadilisha na nini?

"Wazo hili umelitoa wapi?" niliuliza.

Alizungusha kikombe. "Kwenye ule ukuta wetu, dada. Ulipoupaka chokaa ndipo nilipojua kwamba ule mraba ulikuwa kitu."

Nilikwenda kumwaga majani ya chai nje, ingawa kikombe changu kilikuwa bado kimejaa.

Nilimpeleka nyumba kumi na moja. Mutuka, Sigino, mjini. Niliitunza vizuri orodha ile kichwani na Singe haikuwemo. Nilibeba ngazi, nikageuza picha moja moja, naye akapiga. Nyuma ya fremu tulikuta kadi za kliniki, stakabadhi za mbolea, meno ya mtoto kwenye pamba, barua ambayo mwenye nyumba aliiona akaichukua haraka akaiweka mfukoni. Majibu yao aliyaandika kwenye daftari. Mzee mmoja wa Sigino alisema picha ya harusi yake angeibadilisha na jike la ng'ombe lenye mimba. Mkewe akasema kutoka jikoni, "Mimi hata jogoo ningechukua."

Siku ya kumi na mbili mjane wa Singe alikuja mwenyewe kibandani. Alikuwa amesikia kanisani.

"Fundi, umezunguka Babati yote unageuza picha. Ya kwangu ina ukoma?"

"Hapana mama. Iko juu sana."

"Si una ngazi?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa pale pale. "Kumbe kuna nyingine," akasema, na tayari alikuwa anafunga begi.

Hivyo ndivyo tulivyofika siku ile ya watu wanne. Nilipanda ngazi. Nilipoishika ile fremu niliujua uzito wake kabla haijatoka kwenye msumari. Niliigeuza. Ukanda wa kitenge ulikuwa palepale, kijani kimefifia, ua moja la njano bado linaonekana upande ambao jua halikuufikia. Mjane alisema, "Mbona mgongoni amevaa vizuri hivi?" na binti yake akacheka. Mdogo wangu alisogeza kamera karibu. Alipiga nyingi kuliko kwenye nyumba nyingine yoyote. Alisema kile kitambaa ndicho kitu cha kwanza alichokuta nyuma ya picha ambacho mtu aliweka kwa upendo, na hakujua ni cha nani. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, mkono wangu uko sentimita chache kutoka kwenye misumari niliyoipiga mwenyewe. Ningesema, "Subiri." Nilisema, "Umemaliza? Mkono unachoka."

Kisha akamuuliza mjane lile swali. Mama yule alifikiri, akazungumza na binti yake kwa Kiiraqw, halafu akasema polepole ili iandikwe vizuri: "Mume wangu sibadilishi na kitu. Fremu, kama kuna anayeitaka, achukue."

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, siku ya Jumamosi. Nilimwambia nitamtengenezea fremu zote kumi na mbili, nzuri, bila malipo. Alikataa. Alisema zikipata fremu watu wataziheshimu kabla hawajazitazama. Alizitundika tupu, juu kabisa karibu na dari, zimeinama mbele, kila moja na kipande cha boksi chenye jibu la mwenyewe. Watu waliingia shingo zimepinda.

"Fundi," dereva wa bodaboda aliniambia, "kamwambie mdogo wako amezitundika kinyumenyume."

"Ndivyo zilivyo."

"Yaani nimeacha abiria nije kuangalia misumari na buibui? Kwangu ipo ya kutosha, njoo uweke kiingilio."

Mwanamke mmoja alimjibu, "Wewe kaa kimya, yaliyofichwa nyuma ya picha yako tunayajua." Wakamcheka mpaka akatoka nje.

Lakini hawakuondoka. Waliogeuziwa picha zao walisimama chini yake kama walinzi, wanaeleza wageni, "Hii ni ya kwetu, hilo doa ni mafuta ya taa." Nilimsikia yule mzee wa Sigino akibishana na mtu kwamba mgongo wa harusi yake ni mzuri kuliko wa jirani. Alikuja pia mgeni kutoka Arusha, miwani juu ya kichwa, akasema anataka kununua ile ya Singe. Mjane alikuwa karibu. "Wananunua mgongo wa mume wangu," akamwambia binti yake kwa sauti ya kusikika, "uso hawajauliza hata bei."

Mdogo wangu wa kiume alichelewa. Analima Sigino, ana mke na watoto, na alikuja na matope ya shambani kwenye buti. Alianza mlangoni, akapita moja moja, anasoma vile vipande vya boksi kwa kusogeza midomo. Nilitaka kumwita aje ale maandazi. Nilikuwa nimefungua mdomo alipofika kwenye ile ya Singe.

Alisimama. Akarudi nyuma hatua mbili kuitazama vizuri.

"Hii kamba," alisema.

Mdogo wetu alimsogelea, amefurahi. "Nzuri, eh? Hiyo ndiyo ninayoipenda."

"Hicho ni kitenge cha mama."

"Kitenge gani?"

"Nilichokuwa nalalia. Kipande kilichobaki nafungia mbegu hadi leo." Alinigeukia. Hakupaza sauti. "Dada. Ulisema uliizika."

Niliwatoa nje, nyuma ya ukumbi, penye tangi la maji, nikawaambia. Nilianza na bati ambalo halikuvuja na nikamalizia na kisu cha kioo. Sikuwaambia kuhusu kazi na chakula, maana hayo wanayajua na ningeonekana najikinga nayo. Niliwaambia kwamba niliona nywele zake na nikazisukuma.

Mdogo wangu wa kiume aliuliza kitu kimoja. "Kwa hiyo kila Novemba napaka chokaa lile kaburi nikisema na picha, mle ndani hakuna picha?"

"Hakuna."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya mahindi, akawasha pikipiki yake, akaondoka. Mpaka leo simu yangu anapokea, salamu anajibu, lakini hajala kwangu.

Yule wa mwisho alikaa kwenye ukingo wa tangi. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Alisema, "Nimempiga mama picha, basi. Ya mgongoni." Halafu: "Yule mgeni wa Arusha nilikuwa nimeshamkubalia." Alirudi ndani akaishusha ile picha, akaikunja.

Jumatatu tulikwenda Singe, yeye na mimi, na ngazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaeni."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Yule mama alinisikiliza mikono iko mapajani, na nilipomaliza alitazama picha ya mume wake. "Miaka yote hii ana mwanamke mle ndani," akasema, "na mimi namfuta vumbi." Binti yake alishindwa kujizuia, akacheka, na mama mwenyewe akacheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Na nilikuwa nakuombea, fundi. Kila nikiomba, nilikuwa nakutaja."

Alitandika kanga mezani, akasema nimshushe, nifungue.

Niling'oa misumari. Niliinua ubao wa nyuma, kisha boksi, taratibu, kwa sababu pembe zake zilikuwa bado zimeshikwa na gundi. Ulionekana mgongo wa picha ya mama, karatasi nyeupe iliyogeuka kahawia, na maandishi ya penseli ya yule mpiga picha: *Mama. Ya haraka.* Mdogo wangu aliweka kidole juu ya yale maneno bila kugusa.

Nilijaribu ukingo kwa kucha. Haukunyanyuka. Nilijaribu mwingine. Unyevu wa masika kumi na manane ulikuwa umefanya kazi yake: uso wa mama ulikuwa umenata kwenye mgongo wa picha ya yule baba, na uso wa yule baba ulikuwa umenata kwenye kioo. Nimeona picha za namna hii mara nyingi. Ukivuta, rangi inabaki upande mmoja na karatasi nyeupe upande mwingine, na hujui ni uso wa nani utakaoondoka.

Niliwaambia hivyo.

Mdogo wangu alisema anaweza kumpiga yule baba kwanza, kupitia kioo, kwa taa nzuri, amkuze saizi ile ile, hata mkewe asiweze kutofautisha. Kisha ndipo tujaribu kuzitenganisha.

Mjane alikataa kwa upole. "Atakuwa mwingine huyo, mwanangu. Huyu ndiye aliyetangulia mbele ya jeneza. Mtoto wangu alimshika kifuani."

Nilimtazama mdogo wangu nikitegemea abishe. Ana maneno mengi kuhusu mambo haya. Lakini aliinamisha kichwa, akasema, "Ni kweli, mama." Nadhani hakuna mtu Babati aliyekuwa na uwezo mdogo wa kubisha kuliko yeye, aliyekuwa ametundika picha kumi na mbili ukumbini kusema jambo lile lile.

"Jifunze," mjane aliniambia. "Ukiwa na hakika kwamba mume wangu hataumia, njoo. Mimi nipo. Lakini usije na labda."

Nilifunga. Nilirudisha boksi, ubao, misumari, na ule ukanda wa kitenge. Nilipanda ngazi, nikawatundika wote wawili.

Sasa kibandani nina beseni. Watu wananiletea picha za zamani zilizonatana, zisizo na mwenyewe, za waliooana wakaachana, za wanasiasa wa kwenye kalenda, nami nazilaza kwenye maji ya vuguvugu, nahesabu dakika, najaribu ukingo kwa uzi mwembamba. Fundi viatu ananiuliza kila siku, "Leo umeua wangapi?" Wiki iliyopita, kati ya jozi tano, tatu ziliachana salama. Tatu kati ya tano ni labda.

Mdogo wangu wa mwisho hajawahi kunigombeza. Anapiga simu Jumapili jioni, na kila mara, kabla ya kukata, ananiuliza kitu kimoja tu kuhusu uso wa mama. Alianza na nyusi. Jumapili nyingine akauliza kama alikuwa na mwanya. Nilimjibu kwa haraka, ndiyo, mwanya mdogo, wa juu, halafu nikajishtukia: nilikuwa nimeeleza mdomo wake yeye aliyekuwa akiniuliza. Nilimwambia ukweli, kwamba sina hakika. Alisema, "Sawa dada, tutauona," akakata.

Nyumbani nimetengeneza fremu mpya, saizi ile ile. Iko sakafuni, imeegemea ukuta, chini ya ule msumari. Jumapili hii ataniuliza kuhusu masikio.